Hesabu ya Kondo

Usiku ule umeme ulikatika Amu nzima.
Nililipokea kondo la Khuletu kwa tochi ya simu ya mumewe,
naye ameelekea ukutani, mkono tu ndio uliobaki nasi.

Nikalilaza kwenye sinia, zito, lina joto bado.
Upande mmoja mwekundu kama ini,
umeatuka mafungu mafungu kama mkate ulioungua juu;
upande wa pili laini, rangi ya kaa mbichi,
mishipa imetawanyika kutoka kitovuni
kama mizizi ya mkoko maji yakipwa.
Nikahesabu mafungu. Kumi na tisa.
Nikaandika *limetimia*, nikatia sahihi.

Bi Somoe alikuwa mlangoni na kikapu.
"Nipa," akasema, "nikalizike nyumba ya kati.
La mamake liko papo, na langu, na la mamangu."
Kanuni inataka fomu. Tulijaza fomu.

Wanafunzi wakiniuliza kazi yake
huwapeleka Mkomani, nikawaonyesha wikio,
kile chumba kilichorushwa juu ya uchochoro
toka nyumba hii hadi ile.
Damu ya mama hufika dakani, ikaketi.
Haivuki mlango. Ya mtoto nayo haitoki.
Kati yao ukuta mwembamba kuliko ngozi ya yai:
hewa hupita, sukari hupita, taka hurudi,
na wenye nyumba hawajaonana nyuso.

Wala si mpagazi tu. Ni karani.
Likiwa dogo kama chembe ya ulezi
liliiandikia ovari: usizime taa, kuna mgeni.
Baadaye likaacha kuomba, likajipikia lenyewe:
projesteroni, ya kuuambia mji *tulia*;
estrojeni, ya kuongeza vyumba matitini;
na laktojeni, mwizi mpole,
anayemzuia mama asiimalize sukari yake
ili wa ndani apate.
Na maziwa, ambayo yamekwisha kuwa tayari,
huyaambia: bado. Mpaka mimi niondoke.
Hili hunishangaza hata leo,
kitu kijenge ghala, kishike ufunguo,
na ufunguo usitoke mpaka kife.

Siku ya nne matiti ya Khuletu yalikuwa laini, makavu.
Mtoto, Famau, alilia mpaka sauti ikabaki mkwaruzo.
Ukaletwa uji wa pilipili manga. Ukaletwa mchuzi wa pweza.
Shangazi mmoja akataja kijicho.
Bi Somoe hakutaja kijicho. Alinitazama mimi:
"Kuna kitu mumo kingali kinena bado."

Homa kidogo. Damu kidogo, yenye harufu.
Nilijua kabla ya picha ya ultrasaundi.
Usiku ule nilihesabu mafungu,
sikuhesabu pengo.

Daktari alikitoa asubuhi,
kadiri ya kokwa ya tende,
kimeng'ang'ania ukuta, kinafanya kazi peke yake
kama karani ambaye hakuambiwa ofisi imefungwa.

Kesho yake, kabla ya adhana ya alfajiri,
dera la Khuletu liliingia madoa mawili kifuani.
Famau akapaliwa, akakohoa, akarudi tena kwa hasira.

Sikuomba radhi wodini, mbele ya watu.
Nilimfuata Bi Somoe kwake alasiri,
kichupa mfukoni, kimefungwa kwa kitambaa,
na maneno niliyokuwa nimeyapanga toka hospitali
yakanipotea nilipovua viatu.
Hakuniuliza. Alitangulia nyumba ya kati,
akapiga magoti, akafukua kwa upawa,
akakilaza kwa wenziwe,
akausawazisha mchanga kwa kiganja, polepole,
kama anayemfunika aliyelala.

Kisha akajifuta mkono kwenye leso.
"Haya," akasema. "Sasa andika."